Aliyepiga Afungwe, Aliyemtuma Alipe

Usiku wa tarehe 5 Mei 1871, huko Clay Hill katika wilaya ya York, jimbo la South Carolina nchini Marekani, wanaume waliofunika nyuso walimkokota uani mhubiri asiyeweza kutembea. Elias Hill alikuwa amepooza tangu akiwa na umri wa miaka saba. Miguu ilisinyaa, mikono ikakakamaa, na kwa maisha yake yote alibebwa na kulishwa na jamaa zake. Alizaliwa mtumwa. Kusoma alifundishwa na watoto waliokuwa wakipita kwenda shule, na utumwa ulipokomeshwa mwaka 1865 akawa mwalimu, mhubiri wa Kibatisti na mwandishi wa barua za majirani ambao hawakujua kuandika. Aliongoza pia tawi la Union League, chama kilichowaonyesha watu Weusi walioachwa huru namna ya kutumia kura yao.

Wavamizi walitangulia nyumbani kwa kaka yake, wakampiga shemeji yake mpaka akawaonyesha Elias alikolala. Wakamtoa nje, wakamtuhumu kuwa ndiye anayepanga uchomaji wa majumba ya wazungu, wakamwelekezea bastola kichwani, kisha wakamchapa kwa mjeledi wa farasi. Waliona amelemaa, na bado walimchapa. Halafu wakatoa masharti. Aache kuhubiri siasa. Aache kulipia gazeti la chama cha Republican. Aweke tangazo gazetini kwamba amejitoa katika chama hicho. Na katika sala zake asiwashitaki Ku Klux, yaani wao wenyewe, kwa Mungu, awaombee msamaha.

Hawakuchukua mali yake wala hawakumuua. Walitaka kitu kikubwa zaidi ya roho ya mtu mmoja, walitaka Clay Hill nzima inyamaze. Mtu akimpiga mwenzake kwa sababu ya deni au ugomvi wa mpaka wa shamba, jirani husikitika, kisha hurudi kulala. Akipigwa kwa sababu ya rangi yake, kila mwenye rangi ile hujua kwamba zamu yake inaweza kufika. Sheria yoyote isiyotambua tofauti hiyo huhesabu majeraha ya mgongoni kwa Elias Hill na kuacha nje mamia ya watu waliokosa usingizi usiku ule.

Miezi miwili kabla, katika wilaya hiyohiyo, kundi kama lile lilikuwa limeua. Jim Williams alikuwa mtumwa aliyetoroka na kujiunga na jeshi la Kaskazini wakati wa vita vya wenyewe kwa wenyewe, na mwaka 1871 alikuwa kapteni wa kikosi cha mgambo cha watu Weusi. Watu wa Ku Klux Klan walifika kwake usiku, wakiongozwa na daktari maarufu wa mji wa Yorkville, Rufus Bratton. Walimkuta amejificha chini ya sakafu, wakazing'oa mbao, wakamfunga kamba shingoni na kumtundika mtini. Kwenye mwili wake waliacha karatasi yenye maneno ya dhihaka.

Kumpiga mtu kulikuwa kosa South Carolina, na kuua pia. Sheria zilikuwepo. Lakini masherifu waliopaswa kukamata walikuwa ama wanachama wa Klan ama ndugu zao, ama waliogopa kama wengine. Shahidi alijua kwamba akitaja jina mahakamani mchana, mwenye jina angemtembelea usiku. Klan ilianzishwa Pulaski, Tennessee, na maaskari wa zamani wa jeshi la Kusini, na katika miaka michache ilikuwa imefanya mahakama za majimbo mengi ya Kusini zisiwe na kazi yoyote kwa mtu Mweusi aliyeonewa.

Ndipo Kongresi ya Washington ilipoingilia kati. Sheria ya tarehe 31 Mei 1870 ilitamka kwamba watu wawili au zaidi wakila njama, au wakijibadili sura na kupita barabarani au kuingia kwenye makazi ya mtu, kwa nia ya kumtisha asitumie haki aliyopewa na Katiba, wametenda kosa kubwa. Faini yake ilifika dola 5,000 na kifungo miaka 10. Tarehe 20 Aprili 1871 Rais Ulysses Grant alitia saini sheria nyingine iliyokuja kujulikana kwa jina la adui wake: Sheria ya Ku Klux Klan.

Kifungu cha pili cha sheria hiyo ndicho kiini cha simulizi hii. Kilianza na jinai: anayekula njama ya kumnyima mtu ulinzi sawa wa sheria atatozwa faini ya kati ya dola 500 na dola 5,000, au atafungwa kati ya miezi sita na miaka sita. Kisha, ndani ya kifungu hichohicho, kikaongeza njia ya pili. Aliyeumizwa mwilini au katika mali anaweza yeye mwenyewe kuwashitaki wana njama na kudai fidia. Serikali ikilala, au mwendesha mashitaka akihongwa au akiogopa, mwathirika bado ana mlango wake wa kuingilia mahakamani. Naiona hekima kubwa katika kuyaweka mambo hayo mawili pamoja. Watunzi wa sheria walikuwa wamesoma ushahidi uliotoka Kusini, wakajua kwamba nyuma ya kila mkono ulioshika mjeledi palikuwa na mtu aliyelala nyumbani kwake usiku ule, mwenye shamba au kliniki au ofisi, ambaye hangeogopa jela kwa sababu hakuna aliyemwona. Huyo alichoogopa kupoteza ni mali.

Mwanasheria Mkuu wa wakati huo, Amos Akerman, alijua Kusini kwa ndani. Alizaliwa New Hampshire lakini aliishi Georgia, alimiliki watumwa, alilitumikia jeshi la Kusini. Vita vilipokwisha alikubali kwamba watu Weusi ni raia, na akaishika imani hiyo kwa ukali. Mwaka 1871 alikwenda mwenyewe South Carolina kusikiliza mashahidi. Huko alimkuta Meja Lewis Merrill, ofisa wa kikosi cha wapanda farasi, ambaye tangu Machi alikuwa akikusanya majina, tarehe na maelezo ya mamia ya mashambulizi katika wilaya ya York. Mwezi Oktoba Grant alisimamisha, katika wilaya tisa, haki ya mtuhumiwa kufikishwa mbele ya jaji upesi. Ilikuwa hatua nzito, na rais huchukua hatua kama hiyo mara chache sana wakati wa amani. Mamia walikamatwa. Wengine walikuja wenyewe kujisalimisha na kukiri. Daktari Bratton alikimbilia Kanada.

Kesi zilianza Columbia mwishoni mwa Novemba 1871, mbele ya majopo ya wananchi ambayo wengi wao walikuwa watu Weusi. Hebu fikiria: mjane wa Jim Williams amesimama kizimbani akieleza jinsi mbao za sakafu zilivyong'olewa, na wanaomsikiliza ili kuamua ni watu ambao miaka saba nyuma walikuwa mali ya watu wengine. Hukumu zikatoka. Wafungwa walipelekwa gereza la Albany, New York, mbali na jamaa na wafadhili wao. Katika sehemu nyingi za Kusini Klan ya kwanza ilivunjika.

Elias Hill alitoa ushahidi wake kwa kamati ya Kongresi mwezi Julai mwaka huo. Aliwaambia wabunge kwamba ameshakata tamaa ya kuishi kwa amani nchini humo. Kabla ya mwaka kwisha aliondoka na zaidi ya watu 100 wa Clay Hill, wakavuka Atlantiki hadi Liberia, na kule Arthington akafariki mwaka uliofuata. Sheria ilimfikia akiwa ameshafunga mizigo.

Ari ya Washington haikudumu. Akerman aliondolewa Desemba 1871, mashitaka yakapungua, na wengi waliofungwa walisamehewa kabla ya kumaliza vifungo. Kisha Mahakama ya Juu ikamaliza kazi. Mwaka 1876, katika kesi iliyotokana na mauaji ya halaiki ya watu Weusi huko Colfax, Louisiana, mahakama iliwaachia waliohukumiwa. Mwaka 1883, katika kesi ya Serikali dhidi ya Harris, ilikifuta kifungu cha jinai cha mwaka 1871 kwa hoja kwamba Marekebisho ya 14 ya Katiba yanazizuia serikali za majimbo na hayawagusi watu binafsi. Kesi hiyo ilihusu kundi lililowanyakua wafungwa mikononi mwa ofisa wa Tennessee na kumuua mmoja wao. Kwa miongo iliyofuata, watu walinyongwa hadharani mbele ya umati na wapiga picha, na serikali kuu ikasema haina la kufanya.

Lakini nusu ya pili ya kifungu, ile ya fidia, haikufutwa. Ilibaki vitabuni, bila mtu kuitumia kwa maana yoyote. Ilihamishwa kutoka mkusanyo mmoja wa sheria hadi mwingine, ikapewa namba mpya, ikasubiri.

Ilisubiri hadi barabara moja ya Mississippi. Mwezi Julai 1966, katika wilaya ya Kemper, wazungu wawili walizuia kwa gari lao njia ya gari lililobeba watu Weusi, wakiamini kwamba dereva ni mwanaharakati wa haki za kiraia. Hakuwa. Waliwatoa abiria nje na kuwapiga kwa marungu ya chuma. Waliopigwa walifungua shauri la madai kwa kutumia maneno yaleyale ya mwaka 1871. Mahakama za chini zilikataa. Mwezi Juni 1971, miaka 100 na zaidi kidogo tangu Grant atie saini, Mahakama ya Juu iliamua kwa kauli moja kwamba Kongresi ilikusudia sheria hiyo iwafikie hata watu binafsi, mradi kiini cha njama ni chuki ya rangi au ya aina hiyo. Mlango ambao Elias Hill hakupata kuingia ulifunguliwa tena.

Mtu aliyeupitia mlango wa fidia kwa namna iliyobadilisha historia alikuwa mama wa watoto saba aliyeishi katika nyumba za serikali mjini Mobile, Alabama. Beulah Mae Donald alikuwa na kitindamimba, Michael, mwenye miaka 19, aliyesomea ufundi na kufanya kazi katika chumba cha kufungia magazeti cha gazeti la mji. Usiku wa tarehe 20 Machi 1981 Michael alitoka kwenda kununua sigara. Gari lilisimama, watu wawili wakamuuliza njia, wakamtolea bastola. Alipatikana alfajiri akining'inia kwenye mti wa Herndon Avenue, shingo imekatwa, kamba imefungwa kwa fundo la mnyongaji lenye mizunguko 13. Usiku huohuo msalaba ulikuwa umechomwa moto kwenye uwanja wa mahakama ya mji.

Sababu? Jopo la mahakama lilikuwa limeshindwa kuafikiana katika kesi ya mtu Mweusi aliyeshitakiwa kwa kumuua polisi mzungu. Watu wa tawi la Klan la Mobile waliona kwamba ni lazima mtu Mweusi afe, yeyote yule. Michael Donald hakuwajua nao hawakumjua.

Polisi wa mji walianza kwa kudhani ni mambo ya dawa za kulevya na kuwakamata watu wasiohusika. Mama yake aliagiza jeneza libaki wazi ili watu waone alichofanyiwa, akaendelea kudai ukweli. Thomas Figures, mwendesha mashitaka msaidizi wa serikali kuu, naye alisukuma jalada lisifungwe. Mwaka 1983 kijana aliyekuwa na miaka 17 wakati wa mauaji, James Knowles, alikiri na kupewa kifungo cha maisha. Mwenzake, Henry Hays, mtoto wa kiongozi wa Klan wa eneo lile, alihukumiwa kifo. Aliuawa kwenye kiti cha umeme mwaka 1997.

Kwa sheria ya jinai, hapo ndipo pa kuishia. Waliopiga wamepatikana. Beulah Mae Donald hakutosheka, na sababu yake ni ya mtu anayeelewa mambo: vijana wale hawakujitungia fikra ile peke yao. Pamoja na wakili wake Michael Figures, aliyekuwa ndugu wa Thomas, na Morris Dees wa Southern Poverty Law Center, mwaka 1984 alifungua shauri la madai dhidi ya United Klans of America yenyewe. Hicho ndicho kikundi ambacho wanachama wake walilipua kanisa la Birmingham mwaka 1963 na kuua wasichana wanne, na kumpiga risasi mwanaharakati wa haki za kiraia Viola Liuzzo mwaka 1965.

Hoja ya Dees ilitoka katika sheria za biashara. Kampuni huwajibika kwa kosa la wakala wake akiwa kazini. Klan ilikuwa imesajiliwa, ilikuwa na katiba, vyeo, ada, amri zinazoshuka kutoka juu. Mbele ya jopo, mashahidi waliowahi kuwa wanachama walieleza jinsi amri hizo zilivyotembea. Kilichozungumza zaidi kilikuwa mchoro uliochapishwa katika jarida la Klan, ukionyesha mtu Mweusi akiwa na kamba shingoni. Knowles aliulizwa kama alidhani anatimiza matakwa ya chama chake. Alikubali.

Mwisho wa kesi, mwezi Februari 1987, Knowles aliletwa kutoka gerezani na kuruhusiwa kusema. Alisimama mbele ya mama wa marehemu, akilia, akaomba msamaha. Beulah Mae Donald alijibu kwamba amemsamehe. Jopo, ambalo wote walikuwa wazungu, wakazi wa Alabama, lilitoa hukumu ya dola milioni 7.

Klan haikuwa na milioni 7. Ilikuwa na jengo Tuscaloosa, makao yake makuu, na ikalazimika kumkabidhi yeye hati ya umiliki. Liliuzwa kwa kiasi kidogo, takriban dola 50,000, na kwa fedha hizo alinunua nyumba, ya kwanza kumiliki maishani mwake. Aliishi humo kwa muda mfupi. Alifariki Septemba 1988. Wapo waliosema hukumu ile ilikuwa ya karatasi kwa kuwa fedha hazikuonekana. Siwaelewi. United Klans, iliyokuwa kundi kubwa kuliko yote ya Klan katika miaka ya 1960, haikuinuka tena kuwa chama chenye ofisi, akaunti na mtambo wa kuchapia.

Miezi miwili tu baada ya kifo chake, upande wa pili wa nchi, aliuawa kijana aliyetoka upande wetu wa Afrika. Mulugeta Seraw alitoka Ethiopia kwenda kusoma Portland, Oregon. Usiku wa tarehe 13 Novemba 1988 wenzake walikuwa wakimrudisha nyumbani, gari likakutana na gari la vijana watatu walionyoa vichwa, wa genge lililojiita East Side White Pride. Mmoja wao alimpiga kichwani kwa gongo la besiboli mpaka akafa. Watatu wote walifungwa. Lakini wachunguzi waligundua kwamba genge lile lilikuwa limefundishwa na kijana aliyetumwa kutoka California na Tom Metzger, fundi wa televisheni aliyeongoza kikundi cha White Aryan Resistance. Metzger hakuwahi kumwona Seraw. Alituma vijarida, salamu za simu zilizorekodiwa, na watu wa kuwapanga vijana.

Mjomba wa marehemu, Engedaw Berhanu, alifungua shauri kwa niaba ya mirathi, na Oktoba 1990 jopo la Portland lilitamka fidia ya dola milioni 12.5. Metzger alipoteza nyumba yake. Fedha zilizopatikana zilimwendea mtoto wa marehemu, aliyekuwa amebaki Ethiopia.

Wakati kesi hizo zikiendelea, majimbo yalikuwa yameanza kuiandika upya ile fikra ya mwaka 1871 kwa lugha ya siku zao. Mwaka 1981 shirika la Kiyahudi la Anti-Defamation League lilitunga mfano wa sheria ambao majimbo yangeweza kuunakili. Ulikuwa na sehemu ya jinai, inayoongeza adhabu mtu anapomchagua wa kumtisha au kumdhuru kwa sababu ya rangi, dini au asili yake. Ulikuwa pia na sehemu ya madai: mwathirika adai fidia ya hasara na ya maumivu ya moyo, fidia ya kumwadhibu mkosaji, na gharama za wakili. Mtoto akitenda kosa, mzazi ndiye alipe. Kipengele hicho cha mwisho nakiunga mkono kwa moyo wote. Anayejua chumba cha kijana wake kimejaa bendera za chuki na akanyamaza, ana sehemu yake katika yanayofuata.

Oregon na Washington zilipitisha sheria zao mwaka huohuo wa 1981. Idaho ilifuata mwaka 1983, na huko haikuwa nadharia. Mchungaji Richard Butler alikuwa amejenga kambi ya Aryan Nations karibu na ziwa Hayden, na alitaka majimbo ya Kaskazini Magharibi yawe nchi ya wazungu peke yao. Mkahawa wa mtu wa Kiyahudi ulichorwa alama za Nazi. Mama mzungu mwenye watoto waliozaliwa na baba wasio wa rangi yake alitishiwa yeye na wanawe, na mwendesha mashitaka akakuta kwamba kwa sheria iliyokuwepo hilo ni kosa dogo tu. Wakazi wa Coeur d'Alene waliunda kamati na kwenda kulidai bunge la jimbo lao. Sheria waliyopata ilifanya vitisho vya chuki kuwa kosa kubwa, kifungo hadi miaka mitano na faini hadi dola 5,000. Mara baada ya adhabu hiyo ikaweka haki ya kudai fidia, yakiwemo maumivu ya moyo na gharama za wakili. Mmoja wa waliokuja kuongoza kamati ile, padri wa Kikatoliki Bill Wassmuth, alilipuliwa nyumba yake kwa bomu Septemba 1986. Alinusurika, na hakuacha.

Tarehe 1 Julai 1998 Butler alikuwa bado kwenye ekari zake 20. Jioni hiyo mama mmoja na mwanawe walipita kwa gari mbele ya kambi. Walinzi wakasikia mlio, wakadhani ni risasi, wakawafukuza kwa gari huku wakipiga bunduki mpaka wakawasukuma mtaroni. Walinzi walifungwa. Mama na mwana wakadai fidia, na Septemba 2000 jopo la Coeur d'Alene liliwapa dola milioni 6.3. Kambi ikauzwa kulipa deni. Mfadhili mmoja mzaliwa wa Idaho aliinunua, majengo yakabomolewa, na ardhi ikapewa chuo cha North Idaho.

Hata hivyo lilikuwepo swali zito la Katiba, na wanaolidharau wanakosea. Marekebisho ya Kwanza humlinda mtu hata akiwa na fikra za kuchukiza. Je, kumwongezea mtu kifungo kwa sababu ya chuki yake si kumfunga kwa fikra? Mwaka 1992 Mahakama ya Juu ilifuta sheria ndogo ya mji wa St. Paul, Minnesota, iliyotumika kumshitaki kijana aliyechoma msalaba ndani ya uwanja wa familia ya watu Weusi. Jaji Antonin Scalia aliandika kwamba kitendo chenyewe ni cha kulaaniwa na kinaweza kushitakiwa kwa sheria nyingine, ila mji hauwezi kuchagua ujumbe upi wa chuki uadhibiwe na upi uachwe. Mwaka mmoja baadaye, katika kesi iliyotoka Wisconsin, mahakama hiyohiyo kwa kauli moja ilikubali nyongeza ya adhabu: mtu haadhibiwi kwa anachoamini, anaadhibiwa kwa kumchagua wa kumpiga kwa kigezo hicho. Katika kesi hiyo waliopiga walikuwa vijana Weusi na aliyepigwa alikuwa mzungu wa miaka 14. Sheria haikuuliza kwanza rangi ya nani ni ipi.

Suala la msalaba wa moto lilirudi mwaka 2002, kutoka Virginia. Wakati wa kusikiliza hoja, Jaji Clarence Thomas, aliyejulikana wakati huo kwa kukaa kimya, alifungua kinywa. Alizaliwa Georgia mwaka 1948, na ndiye aliyekuwa mtu Mweusi pekee katika jopo lile. Alimwambia wakili wa serikali kwamba anaona anapunguza uzito wa jambo. Kwamba nyuma ya msalaba ule ipo karibu miaka mia ya vitisho na watu kunyongwa, na kwamba alama ile haina kazi nyingine ila kutia hofu. Aprili 2003 mahakama iliamua kwamba jimbo linaweza kumwadhibu anayechoma msalaba kwa nia ya kumtisha mtu, ila nia hiyo ithibitishwe, isidhaniwe kwa sababu tu moto umewashwa. Thomas alipinga hata kizuizi hicho. Nadhani wenzake walikuwa sahihi, maana sheria inayodhania nia leo kwa adui kesho itaidhania kwa rafiki. Lakini maneno yake yalibadilisha hewa ya chumba kile, na hukumu nzima inasomeka kama ya watu waliomsikia.

Kongresi nayo ilipanua jinai. Sheria iliyotiwa saini na Rais Barack Obama Oktoba 2009 iliondoa sharti la zamani kwamba mwathirika awe alikuwa akitumia haki fulani ya kitaifa, ikaongeza jinsia, ulemavu na mwelekeo wa mapenzi. Georgia ilipitisha sheria yake ya sasa Juni 2020 tu, baada ya Ahmaud Arbery, kijana Mweusi, kufukuzwa na kuuawa akikimbia barabarani.

Kisha likaja shauri ambalo lilizirudisha zana zote mezani kwa pamoja. Agosti 2017 mamia ya watu wa makundi ya ubaguzi walikusanyika Charlottesville, Virginia, wakaandamana na mienge usiku, na kesho yake mmoja wao akaendesha gari ndani ya umati na kumuua Heather Heyer. Dereva alifungwa maisha. Waathirika tisa wakawageukia walioandaa, na hoja ya kwanza waliyoitegemea ilikuwa kifungu cha mwaka 1871. Ushahidi ulikuwa ujumbe wa washitakiwa wenyewe, walioandikiana kwa miezi kupanga safari, silaha na ngao.

Novemba 2021 jopo lilishindwa kuafikiana juu ya kifungu kile cha zamani. Ila liliamua kwamba walioandaa waliwajibika kwa njama chini ya sheria ya Virginia, na baadhi yao kwa kifungu cha jimbo hilo kinachompa mwathirika wa vitisho vya rangi au dini haki ya kudai fidia. Jumla ilizidi dola milioni 25, nyingi zikiwa fidia ya adhabu. Jaji akaipunguza fidia ya adhabu hadi dola 350,000 kwa wadai wote, kwa kuwa Virginia ina ukomo. Wadai walikata rufaa. Tarehe 1 Julai 2024 mahakama ya rufaa iliamua kwamba ukomo ule unahesabiwa kwa kila mdai peke yake, na deni la walioandaa maandamano likapanda tena kwa mamilioni. Baadhi yao wamejitangaza kuwa hawana kitu. Mawakili wa wadai waliendelea kutafuta akaunti na mali zao, na deni la hukumu Marekani humfuata mtu miaka mingi, popote atakapopata mshahara au kununua nyumba.